Usibonyeze hicho kitufe leo usiku, chomoa diski kwanza

Acha. Acha hapo hapo, kitufe cha kufuta diski usikiguse. Umesema una Dell GX280, Pentium 4, RAM MB 512, printa HP LaserJet 1020, unataka mfumo mwepesi wa stesheneri yako huko Kasulu, ukauliza na habari za modemu na YouTube na kama uongeze RAM, sawa, hayo yasubiri. Kilichonitoa kitandani ni mstari wako wa mwisho, eti kazi zote za wateja umeshazihamishia D kwa hiyo usiku unapiga Linux (mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows) bila wasiwasi. Nani kakwambia D ni salama? Maana huyo aliyekwambia wewe atakuwa kasoma na aliyeniambia mimi.

Wengi wetu tumelelewa na mafundi wa kupiga window. Mashine ikijaa virusi unapeleka, anakwambia hamishia vitu vyako D, anafomati C, anapiga XP au 7 mpya, unarudi unakuta picha za harusi zipo. Miaka nenda rudi iko hivyo, na kwa Windows ni kweli kabisa, installa yake inakuonyesha vipande vya diski unachagua kimoja unakifomati kingine kinabaki. Sasa kwenye mashine nyingi za rika hili D sio diski ya pili bwana. Ni diski ileile moja, C na D ni chumba kimoja kimetundikwa pazia katikati. Ukija na installa ya Linux ukachagua ile ya kufuta diski na kuinstoli, hiyo haijui C wala D, inafuta jedwali lote la patisheni, yaani ramani ya vipande vya diski, na kujipangia upya diski nzima. Na haikufichi, imeandika wazi kwamba inafuta diski. Sisi ndio tunasoma "diski" kichwani tunaelewa C.

Mimi nina kibanda cha stesheneri hapa Mwanga, Kigoma mjini. Fundi wangu (jina namhifadhia, ana watoto) kaniambia "D haiguswi bosi, nimeshapiga hizi kibao". Baadaye ndio nagundua alikuwa hajapiga Linux hata moja, kaona video ya jamaa mmoja kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kiti nimekalia mimi, yeye kasimama nyuma na chai yangu mkononi ananiambia bonyeza, bonyeza bosi, next, next. Nikabonyeza. Ikaisha haraka, ikawaka, nyepesi, nzuri, nikafurahi kama mjinga nabadilisha picha za skrini. Naingia kutafuta D, hakuna D. Nauliza D iko wapi, ananiambia labda imejificha.

Imejificha!

Mikataba ya viwanja, mihtasari ya vikao vya mtaa, mitihani ya majaribio ya mwalimu mmoja ambayo nilikuwa nimetoa nusu tu ya kurasa, vyote vimekwenda. Kuna mzee wa Kibirizi nilimwandikia mkataba wa mashine ya boti, mnunuzi kamruka, nakala yake imelowa ziwani, anakuja kila asubuhi anakaa kwenye benchi hasemi kitu, ananiangalia tu mimi na ile kompyuta. Na msiniulize bakapu, mtu wa bakapu hawezi kuwa anaendesha biashara kwenye Pentium 4.

Ingekuwa nimezima pale pale ningepona kidogo. Ila fundi akasema endelea kutumia itatokea yenyewe, kumbe kila faili jipya unaloandika linaweza kukalia sehemu ya lile la zamani. Baadaye mtu mwenye akili ndio akanielekeza TestDisk na PhotoRec, programu za kufufua vilivyofutika. TestDisk ikishindwa kurudisha patisheni, PhotoRec inafukua mafaili yenyewe, ila majina hairudishi, unapewa rundo la f0 namba namba .doc. Nikawa nafungua moja moja, barua ya posa, CV ya mtu simjui, nusu ya mtihani wa Jiografia, mengine hayafunguki kabisa. Mkataba wa mzee sikuupata. Fundi nimempigia akasema "si ulibonyeza mwenyewe". Ni kweli, nilibonyeza mwenyewe, na chai niliilipia mwenyewe pia.

Kwa hiyo kabla ya antiX, kabla ya Puppy (hizi ni Linux nyepesi), kabla ya kitu chochote: CHOMOA DISKI. Zima mashine, toa waya ukutani, fungua ubavu, chomoa kebo ya data na ya umeme ya diski, itoe uifungie kwenye droo. Kompyuta inawaka tu bila diski, ikilalamika kwamba haioni diski bonyeza F1 iendelee. Chomeka flashi uliyoiandikia Linux, bonyeza F12 wakati nembo ya Dell inaonekana, chagua kuwashia USB. Puppy na antiX zote zinaendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuinstoli popote. Kaa hivyo wiki nzima ufanye kazi halisi za wateja, bonyeza kila unachotaka, hata mtoto akikalia kibodi hakuna kinachofutika kwenye ile diski ya droo.

Tena hapo ndio ujaribu printa, usisubiri mpaka umeshainstoli. Hiyo 1020 haitunzi programu yake ya ndani ikizimwa, kompyuta inatakiwa kuipelekea kila ikiwashwa, na kwenye Linux kifurushi cha HPLIP, kile cha kuendeshea printa za HP, kinahitaji kushusha kipande cha ziada kutoka intaneti ndio ichape. Kwa hiyo bando liwepo siku hiyo.

Mfumo wenyewe? antiX 23 ya biti 32, basi. Lubuntu unayoitaja sahau, ya mwisho ya msaada mrefu (LTS) ya biti 32 ilikuwa 18.04 na msaada wake uliisha Aprili 2021, kuanzia 19.04 ni biti 64 tu na Pentium 4 nyingi hazina hiyo. Ukiwa ndani ya flashi fungua terminal andika amri ya lscpu utaona yako ni ipi. Na usidanganywe na mtu anayejisifu mfumo wake unakula RAM MB 100, brauza ndio mlaji, fungua kurasa mbili tu uone 512 inavyoyeyuka. Kama tovuti zote zinakataa kufunguka angalia saa ya mashine, betri ndogo ya ndani ya mashine (CR2032) ikifa tarehe inarudi nyuma miaka na vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa.

Zile za modemu, YouTube na kuongeza RAM mwingine atajibu. Wewe ukishafungua huo ubavu piga picha ya kebo za diski uiweke hapa tuone, na kapasita (vile vikopo vidogo) zilizo karibu na prosesa nazo zitokee, GX280 nyingi zilikuja na kapasita zinazovimba.