Mkuu, toa Ukerewe kwenye hiyo ratiba

Umetuwekea hapa ratiba yako ya kutembea Mwanza, umo na Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Futa. Ifute sasa hivi kabla hujapanga mengine. Yaani Jumamosi moja: asubuhi kisiwani Saanane, saa nne makumbusho ya Bujora, saa nane "kuchungulia Ukerewe", jioni sato pale Kirumba, halafu Jumapili alfajiri basi la kurudi Dar? Na watoto wawili? Nimesoma tumbo likakaza, maana hiyo ratiba ni yangu kabisa. Wewe umekosa shemeji tu.

Mimi nilikuwa naye. Kazaliwa Mwanza, kakulia Mabatini. Ijumaa jioni tumesimama Capripoint, kando ya ziwa, nikamuuliza Ukerewe ni mbali? Akanyoosha kidole: "Si kile pale! Mnaenda, mnageuza." Nikaangalia, kweli kisiwa kipo, miti unaihesabu. Mwenyeji kasema, mimi wa Morogoro nimkatalie kwa lipi?

Asubuhi tukachelewa kuamka, Saanane tukairuka, tukaenda Bujora. Kule kuna ngoma za Wasukuma na nyumba iliyojengwa mfano wa kiti cha enzi cha mtemi, ila tulikimbia kama tunakagua mita za maji. Ni Kisesa huko, njia ya Musoma, na kurudi mjini foleni ya Igoma na Buzuruga ikatumaliza. Tukaifikia meli ya mchana tunahema.

Meli ikang'oa nanga. Nasubiri ielekee kile kisiwa changu. Ikaelekea upande mwingine kabisa. Nusu saa. Saa nzima. Pembeni yangu kuna mzee kakalia godoro lililofungwa kamba, miguuni tenga la kuku. Nikamuuliza, mzee wangu, Ukerewe ni ipi kati ya hivi? Akanitazama kwa huruma: "Bado haijaonekana, mwanangu."

Kile cha kidole cha shemeji kilikuwa Saanane! Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 na maji yake humo humo. Ukerewe ni wilaya nzima, kisiwa chenyewe tu kina kilomita za mraba 530 hivi, na meli inakata maji kwa saa tatu na zaidi. Mtu anachanganya vipi pimbi na wilaya?

Tumeshuka Nansio, bandari ya Ukerewe, jua linazama. Nikakimbia dirisha la tiketi: dada, meli ya kurudi? Hata kichwa hakuinua. "Kesho asubuhi." Bodaboda mmoja akasema kuna kivuko cha Rugezi, mnatokea Kisorya, mnaenda Bunda, ndiyo mrudi Mwanza. Usiku huo, na bukta, na mtoto ameshalala begani. Tukalala guesti, wanne chini ya chandarua kimoja, sweta zote ziko Mwanza kwenye begi.

Alfajiri basi letu la Dar likaondoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, na viti vyetu vinne vitupu. Nauli haikurudi hata senti. Nikakata tiketi nyingine nne, nikamwongezea bosi wangu siku mbili za uongo kuhusu malaria. Mke wangu alianza kunisemesha tumeshafika Shinyanga, na alichosema sikiandiki hapa.

Shemeji nilimpigia usiku uleule. Ndipo anakiri hajawahi kukanyaga Ukerewe. Miaka thelathini na nne! Sasa ulinyoosha kidole cha nini? Watu wa Mwanza nawapenda, lakini "hapo tu" yenu ingepigwa marufuku. Ukiambiwa "hapo tu" Mwanza, beba mswaki.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujatoa hela ya tiketi ya kwenda popote penye maji, uliza ya kurudi ya mwisho inaondoka saa ngapi. Umuulize anayekata tiketi dirishani. Usimuulize shemeji, dereva wa bajaji, wala kijana wa getini mwenye kofia. Hata ya Saanane uliza, japo ni dakika chache tu kutoka Capripoint. Na kama Ukerewe unaitaka kweli, ipe siku mbili zake, ni kuzuri, mimi mwenyewe nilikuona asubuhi kwa dakika kumi nikiwa na hasira.

Uliuliza na nini tena, guesti za bei nafuu? Na bei ya sato? Wengine watakujibu. Wewe kesho nenda bandarini, uliza ya kurudi, halafu uje hapa utuambie wamekujibu saa ngapi.