Kinywa Kikavu Baada ya Mionzi: Nani Apimaye Vizuri?

SWALI: Baba yangu alimaliza tiba ya mionzi ya saratani ya koo miezi minane iliyopita. Kila aendapo kliniki, daktari humchungulia kinywani na kuandika kwamba ukavu ni mdogo, ilhali nyumbani hamezi tonge bila maji na huamka usiku mara kadhaa kunywa. Tumwamini nani?

JIBU: Mwaminini baba, wala msimwone daktari kuwa mwongo, kwani kuhisi ukavu na kupungukiwa mate ni mambo mawili ambayo hayaendi sambamba daima. Hisia hupimwa kwa hojaji ambayo mgonjwa huijaza mwenyewe. Tathmini ya daktari peke yake, kama tafiti zilivyoonyesha mara nyingi, huelekea kuwa ndogo kuliko mateso yenyewe.

Mate nayo hupimwa kwa kikombe. Mgonjwa hukaa saa moja au zaidi bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kupiga mswaki, kisha huinamisha kichwa na kuyaacha mate yadondoke kwenye kikombe kilichopimwa uzito, pengine kwa dakika 5, pengine 15. Gramu moja huhesabiwa kuwa mililita moja. Kwa kawaida mtu mzima aliyetulia hutoa mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika, na akishuka hadi 0.1 huhesabiwa kuwa na upungufu. Kipimo hurudiwa akitafuna kipande cha nta.

Kutafuna huko si nyongeza tu. Tezi kubwa zilizo mbele ya masikio hutoa mate mengi wakati wa kula, lakini zilizo chini ya taya ndizo hasa hulowanisha kinywa kikiwa kimetulia, usiku ukiwemo; kwa hiyo mgonjwa ambaye tezi za masikioni zilikingwa dhidi ya mionzi anaweza kutafuna vizuri na bado akaamka ulimi umegandamana na kaakaa. Baba yako anasumbuka mezani na kitandani pia, na yafaa aulizwe kuhusu kila hali peke yake.

Kabla ya kliniki ijayo, andikeni kwa wiki moja ni mara ngapi anaamka na vyakula gani vinamshinda, pamoja na dawa zote anazotumia, maana baadhi ya dawa za mzio, sonona na shinikizo la damu hukausha kinywa zenyewe. Ombeni hojaji, na kipimo cha kikombe kikipatikana, kirudiwe saa ileile ya siku kila mara. Daktari wa meno naye atazame mashina ya meno karibu na ufizi, mahali ambapo uozo wa meno utokanao na upungufu wa mate hupenda kuanzia.