Ile 100 ya Mbeya si idadi ya watu

Mkuu, umeona Mbeya ina 100 kwa neno "mbolea" kwenye Google Trends, ukurasa wa Google unaoonyesha neno linatafutwa kiasi gani na wapi, ukasema waliolitafuta huko wiki hiyo ni wengi kuliko wa Dar. Hapana, 100 haisemi hivyo. Ni uwiano: Google wanachukua utafutaji wa neno hilo, wanaugawa kwa utafutaji wote wa mkoa huohuo, halafu mkoa unaoongoza unapewa 100 na mingine inapimwa kwake. Dar inaweza kusoma 30 na bado ikawa na watafutaji wengi zaidi. Nauza pembejeo Mwanjelwa, hapa Mbeya, nilishaingia mkenge huo nikajaza mifuko ya mbolea ya DAP hadi mlangoni. Na ukikuta 0, huenda wapo waliotafuta, ila wachache mno.