Karani Aliandika Neno Moja

Mara ya kwanza kutoa maoni kwenye kikao cha umma nilipigiwa makofi. Ukumbi wa mtaa wetu huku Eastlands, Nairobi, ulikuwa umejaa, viti vya plastiki vimeazimwa kanisani, na wale vijana wa kushangilia wanaoletwa kwa matatu walikuwa wamejipanga mbele kama kawaida yao. Mada ilikuwa bajeti ya afya ya kaunti. Maiki iliponifikia nilieleza jinsi baba yangu, aliyepatwa na kiharusi mwaka ule, anavyopandishwa ngazi za zahanati mgongoni mwa kijana wa bodaboda, nami nafuata nyuma na kiti chake cha magurudumu kichwani. Nikaeleza na siku waliyoteleza. Akina mama wakaguna, mmoja akajifuta machozi kwa leso. Nikarudi kuketi nikijua kazi nimeimaliza.

Wakati wa soda nilipita kando ya meza ya karani. Daftari lake lilikuwa wazi. Kwenye mstari wangu palikuwa na nambari 14, halafu "Mama Brayo", halafu neno moja: ngazi.

Jioni nilimpitia mzee jirani yetu, karani mstaafu wa serikali, ambaye naye alikuwa kikaoni. Nilitaka anisaidie kumsema yule karani wa kikao. Badala yake akaniuliza, "Binti yangu, uchungu wako niliusikia. Sasa ulitaka aandike nini?"

Nikamwambia, aandike kwamba wazee wanateseka.

"Hilo wanalijua. Uliwaomba wafanye nini?"

Nilifungua mdomo, jibu halikuja. Kweli, sikuwa nimeomba kitu.

Akaingia ndani akatoka na ripoti ya kamati moja ya bunge, akanionyesha jedwali lake. Safu moja ina jina la aliyetoa maoni, nyingine kifungu anachokizungumzia, nyingine pendekezo lake, nyingine sababu, na ya mwisho inaonyesha kama kamati imekubali au imekataa. Hadithi yangu yote, mgongo wa bodaboda na kuteleza na machozi, ilikuwa ya safu ya sababu. Safu ya pendekezo ilikuwa tupu. Kamati haiwezi kukubali wala kukataa nafasi tupu.

Nimehudhuria vikao vingi tangu siku hiyo, na ninachowaambia wenzangu wanaouguza wazee au watoto wenye ulemavu ni hiki: andikeni pendekezo kwanza, kilio kifuate. Usiandike "SHA inatuumiza," yaani ile bima ya afya ya serikali. Mimi ni fundi wa nguo, sina mshahara, nikaandika kwamba sisi tusio na mshahara turuhusiwe kulipa mchango kila mwezi badala ya kutakiwa kutoa wa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa sababu pesa za cherehani huja kidogo kidogo, na Januari zote huishia kwenye karo. Sentensi ya namna hiyo karani anaweza kuinakili ilivyo. Akitaka kuifupisha, atapata taabu.

Jambo la pili ni kujua unayemwambia ana uwezo wa nini. Nusu ya malalamiko ninayoyasikia kwenye vikao vya kaunti yanapigwa kwenye mlango usio wao. Tangu Katiba ya 2010, zahanati, vituo vya afya, ambulensi na hospitali kama Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy ni za kaunti. Kenyatta na Mathari ni za serikali kuu. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, za wazee waliofikisha miaka 70, nazo ni za serikali kuu. Ukisimama mbele ya watu wa kanjo, yaani wa kaunti, ukalalamikia pesa za Inua Jamii zilizochelewa, watatikisa kichwa kwa adabu na dakika zako mbili zitakwisha hivyo hivyo.

Kisha kuna kalenda, na hapa ndipo watu wengi huliwa. Sisi tulizoea kwenda Mei, kelele za bajeti zikiwa zimepamba moto. Kumbe Mei chungu kimeshaiva. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Makadirio hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Lakini kuna karatasi nyingine inayotangulia, ya mkakati wa fedha, inayotakiwa bungeni kufikia Februari 28, na hiyo ndiyo inayosema idara ya afya itapata kiasi gani kwa jumla. Ukija baadaye unagombania kugawa mkate ambao ukubwa wake umeshakatwa. Na kabla ya hiyo kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, unaowasilishwa kufikia Septemba 1. Mradi usiokuwamo humo, Februari utaambiwa haukupangwa. Mimi sasa naanza kuuliza Agosti. Kwa mwakilishi wa wadi wananiona msumbufu, na si neno.

Matangazo yenyewe hutoka magazetini na kwenye tovuti, mara nyingi siku chache tu kabla ya kikao, na mswada umeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Hili linanikera, kwa sababu Kiswahili ni lugha rasmi na mama anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku hana muda wa kusoma kurasa mia. Tulichofanya sisi ni kugawana kwenye chama: kila mtu vifungu vitano, tukutane Jumapili baada ya ibada, kila mmoja aeleze alichoelewa. Maoni tunaandika kwa Kiswahili na yanapokelewa. Ukurasa mmoja tu. Juu jina la mswada au bajeti, chini yake kifungu, tunachotaka kibadilishwe kisomeke vipi, na sababu kwa mistari mitatu minne.

Na usipeleke nakala moja! Peleka mbili. Moja wabaki nayo, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Niliwahi kuambiwa na ofisi moja kwamba barua yangu haikuwahi kufika. Nilifungua mkoba, nikaitandaza mezani na muhuri wao wenyewe juu yake. Yule dada akainuka, akaenda chumba cha nyuma, na baada ya dakika tano barua ikapatikana.

Ukikaa kimya hawatakuandikia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Ombi langu la habari halikurudia kilio cha ngazi hata kidogo. Nilitaka ripoti ya kikao na uamuzi kuhusu pendekezo letu, basi.

Najua mtaniambia vikao hivi ni vya kutimiza sheria tu, uamuzi umeshafanywa. Vingine ni hivyo, nimeviona, pamoja na soda zake. Lakini kumbukeni Julai 2024, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba sheria tatu za afya za mwaka 2023, ikiwemo ile iliyoanzisha SHA, zilikiuka Katiba, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo Septemba, na SHA ikaanza Oktoba 1. Kwa hiyo hatukushinda. Ila niliona kwamba hata serikali inapofika mahakamani huulizwa maswali yale yale ya mzee jirani: nani alisema nini, na ninyi mlimjibu nini? Ndiyo maana karatasi yenye muhuri ina uzito kuliko makofi.

Pendekezo letu la ngazi tuliliandika upya Agosti iliyofuata kikao kile cha kwanza. Nilikwenda zahanati na futi yangu ya ushonaji, nikapima: ngazi tano, jumla sentimita 80. Tukaomba itengwe pesa ya kujenga njia ya mteremko ya viti vya magurudumu kwenye lango kuu, tukataja kifungu cha 54 cha Katiba kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, tukaambatanisha saini 46 na nambari za vitambulisho. Mwaka wa kwanza haikuingia. Mwaka wa pili iliingia, tukaiona kwa macho yetu kwenye orodha ya miradi ya wadi, halafu ikakaa miezi kumi bila hata gari moja la mchanga.

Sasa imejengwa. Mzee wangu ameipanda mara nne, mimi nikisukuma na askari wa lango akishika mbele, maana fundi ameifanya kali kidogo. Juu kabisa, mlangoni, wameacha kizingiti, na kiti kinagota pale, inabidi kiinuliwe. Juzi nilipomleta kupimwa presha nilitoa futi. Sentimita 12. Nimeshaandika kwenye daftari, na Septemba 1 haiko mbali.