Bukini analala, ila nusu: jibu la mlinzi

Mkuu uliyeuliza kama wale bata bukini uliowakuta Ziwa Duluti walikuwa wamelala au wanakuchora tu, maana kila ukisogea unaona jicho moja limekukodolea: walikuwa wamelala. Nusu.

Nimelinda shamba la kahawa huku Usa River miaka sita, lindo langu kando ya bwawa la kumwagilia. Usiku jicho la ndege hulioni. Nenda saa saba mchana, wakishashiba majani na kujipanga ukingoni. Wa katikati wanafumba yote mawili, mdomo wameuchomeka mgongoni. Wa pembeni anafumba la upande wa wenzake, la nje analiacha wazi. Tena kinachofunga si kope la juu kama letu, ni la chini ndilo linapanda. Baada ya muda anainuka, anageuka, anatulia tena. Sasa ni zamu ya jicho la pili.

Sababu ni kwamba kwa ndege jicho la kushoto linapeleka habari zaidi ubongo wa kulia, na la kulia vivyo hivyo upande wa pili. Jicho likifumba, upande wa ubongo linaoupelekea habari unapumzika, mwingine uko kazini. Mwaka 1999 mtafiti Niels Rattenborg na wenzake huko Marekani waliwapanga bata wanne wanne kwa mstari na kupima umeme wa ubongo wao. Wa pembeni walilala kinusunusu zaidi ya mara mbili ya wa katikati. Bukini hawakuwemo, lakini nilichokiona bwawani ni kilekile.

Wapo na pengwini wa Antaktika. Utafiti uliotoka 2023 ulikuta wakilalia mayai wanasinzia sekunde 4 hivi, zaidi ya mara 10,000 kwa siku, hadi yanatimia masaa 11. Huo sasa ndio usingizi wa mlinzi, asikudanganye mtu.

Mimi nikifumba jicho moja, la pili linafuata. Usiku mmoja wa mvua bukini waliruka wote kwa kelele, nikawasikia kama ndotoni, nikavuta koti. Asubuhi pampu ya bwawani haipo. Tajiri alinikata mshahara miezi miwili, na bukini walikuwa wamesharudi ukingoni, yule wa pembeni ananitazama.