Misri ilishibaje bila mvua?
Ndugu, umeuliza Misri ya kale ilishibaje ilhali mvua karibu hainyeshi. Jibu liko Ethiopia. Mvua za Juni hadi Septemba kwenye nyanda za juu kule zilijaza Nile ya Buluu na Atbara, mito inayoingia Nile, mafuriko yakashuka hadi Misri na tope jeusi lenye rutuba. Maji yakipungua, wakulima walipanda ngano na shayiri kwenye udongo uleule uliolowa. Ndiyo maana waliiita nchi yao Kemet, nchi nyeusi. Nile Nyeupe, inayotoka huku kwetu Ziwa Victoria, iliuzuia mto usikauke miezi mingine.

Ila usisahau upepo! Mkondo unakwenda kaskazini, upepo unavuma kuelekea kusini: mashua zilishuka na maji, zikapanda kwa tanga. Hivyo ndivyo mawe ya Aswan, kusini mwa Misri, yalivyosafirishwa, na watoza kodi wa Firauni wakafika mbali.