Kuandika makala za kulipwa ukiwa nyumbani: uanzie wapi

Umeuliza uanzie wapi ukiwa huna mteja hata mmoja. Anza na sampuli, akaunti baadaye. Andika makala 3 za maneno 800 hivi kwenye fani moja unayoijua, tuseme ufugaji wa kuku au bima, uziweke Google Docs kwa kiungo kinachofunguka kwa yeyote (wengi husahau kubadilisha ruhusa, mteja akibofya anagonga mwamba). Ndipo ufungue akaunti ya Upwork, tovuti inayokutanisha waandishi na wateja, kwa jina lako halisi. Usinunue wala kukodi akaunti ya mtu: siku wakidai kitambulisho inafungwa, na pesa iliyomo ndiyo basi tena.

Bei ipime kwa saa. Maneno 800 kwa shilingi 2 za Kenya kila neno ni 1,600. Ukimaliza saa 5 pamoja na utafiti na masahihisho, umelipwa 320 kwa saa. Ni kidogo hiyo. Mteja uliyempata nje ya Upwork alipe nusu kwanza, na mkubaliane masahihisho mara mbili tu. Anayetaka "jaribio" la bure la maneno 1,000, achana naye, sampuli si anazo? Ukiwa Kenya, pesa uliyolipwa kwa PayPal (huduma ya malipo ya mtandaoni) unaweza kuihamishia M-Pesa, mradi majina yafanane.